Matairi ya Jeshi na Dizeli ya Wafula

Vijana wa malori, ninyi mnaoegesha magari pale Kitale karibu na stesheni ya treni na kuosha vioo vya malori yenu kuliko mnavyoosha nyuso zenu, hebu zimeni injini mnisikilize. Sikuja kuwasifu. Nilianza kuendesha lori wakati ambapo mtu mweusi akishika usukani watu walikuwa wanaacha majembe shambani kuja kumtazama, na nimestaafu na mgongo mbovu, sikio moja lisilosikia vizuri, na hasira ambayo haijaisha. Mgongo na sikio niliachiwa na kazi. Hasira niliachiwa na kifo cha mtu mmoja aliyeitwa Wafula, na leo nataka niwagawie ninyi, maana nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Kilichonichokoza nilikiona mwezi uliopita. Kijana mmoja mwenye lori lake alikuwa anamfukuza dereva wake mbele ya watu. "Toka! Mwizi wa dizeli wewe! Nimekushtukia!" Dereva, mtu wa makamo mwenye mvi za kwanza, alikuwa anakunja blanketi lake. Mimi sikumtazama dereva wala mwenye gari. Nilitazama matairi. Yalikuwa mapya, marefu, yamejaa mpaka karibu yaguse bodi, na mwenyewe aliyaweka ili lori lionekane limesimama kama fahali. Nikasema moyoni, haya, tumerudi palepale. Nilimwendea yule kijana tukazungumza, na alichonijibu nitawaambia mwishoni, kwa sababu nikikisema sasa mtadhani nimetunga.

Kwanza niwafundishe kitu, maana najua mnajua jina la kila mama wa hoteli kutoka hapa mpaka Bungoma lakini hamjui difu ya gari lenu inafanya nini. Injini inazungusha propela, lile bomba refu linalopita chini ya lori. Propela inaingia kwenye difu, ule mviringo mnene katikati ya ekseli ya nyuma, na humo ndani meno machache yanasukuma meno mengi. Iko difu ambayo propela inazunguka mara nyingi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Hiyo ni difu ya mlima. Ina nguvu, lakini ukiipeleka tambarare injini inalia bure na dizeli inaisha huku baiskeli zinakupita. Iko nyingine ambayo propela inazunguka mara chache tu. Hiyo ya tambarare inakimbia huku injini imetulia, na dizeli inayokunywa ni kidogo, lakini ipandishe mlima na mzigo mgongoni ndipo utakapokiona cha mtema kuni.

Sasa jambo ambalo wengi hamlijui ni kwamba tairi nalo ni kama sehemu ya difu. Tairi refu likizunguka mara moja linameza barabara zaidi ya tairi fupi. Kwa hiyo ukilivua fupi ukaweka refu, umebadilisha difu bila kushika spana. Lori la mlima umeligeuza kuwa la tambarare, kisha unalipeleka mlimani na kumlaumu dereva. Mtu mmoja alikufa kwa sababu wakubwa wake hawakujua hilo, na sisi wadogo tulikuwa hatujui pia.

Wafula ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu wa Sirisia, mnene wa mikono, mtaratibu wa maneno, aliyejifunza kuendesha katika malori ya petroli ya kule mwanzo, yale ya kuwashwa kwa kuzungusha chuma mbele mpaka bega litoke. Kanisani kwao ndiye aliyekuwa anapitisha kapu la sadaka. Sio kazi kubwa, lakini mtajua kwa nini naitaja. Alikuwa analipitisha kapu kama anavyopitisha lori kwenye daraja la mbao, polepole, akitazama mbele, na watu walikuwa wanasema sadaka iliyopita mkononi mwa Wafula imefika.

Siku moja alinipa kazi ya kujua difu ya lori ni ya namna gani bila kuifungua. Akaniambia, "Barasa, piga jeki nyuma. Weka alama ya chaki kwa tairi na kwa propela. Zungusha, hesabu." Mimi kwa ujanja wangu nikapiga jeki upande mmoja tu, maana jeki ya pili ilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Nikazungusha, nikahesabu, nikamwendea nikijisifu kwamba kampuni imeuziwa lori lenye difu ya kukimbiza kuliko gari la bwana D.C. wa wilaya. Wafula alicheka mpaka akakaa chini. "Upande mmoja ukiwa chini, huu wa juu unazunguka mara mbili, bwana. Umenipatia nusu ya ukweli." Tangu siku hiyo nikisema jambo bila uhakika, alikuwa ananiuliza, "Hiyo ni ya jeki moja ama mbili?"

Alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mchezo. Kwenye mteremko, usitoe gia. Ninyi mnaita kuweka firi, na mnaona ni ujanja: unatoa gia, gari linashuka lenyewe, dizeli inabaki kwa tangi. Wafula akikukuta umefanya hivyo alikuwa anakushusha palepale barabarani, utembee. "Gia ndiyo breki ya kwanza," alikuwa anasema. "Hii pedali ni breki ya pili. Ukitupa ya kwanza, ya pili itakutupa wewe." Mimi alinishusha mara moja nje ya Kimilili, na nikatembea huku nikimtukana kimoyomoyo njia nzima.

Kampuni yetu ilikuwa ya mzungu, ofisi kubwa Kitale na yadi Bungoma karibu na reli. Meneja wa yadi, mzungu pia, tulimwita Bwana Kipimo, kwa sababu hata sukari ya chai alikuwa anaisawazisha kwa kisu juu ya kijiko. Alikuwa na kijiti cha mbao chenye alama. Kila jioni malori yakirudi alikuwa anakitumbukiza kwenye tangi, anakitoa, anakitazama kama daktari, halafu anaangalia saa ya maili kwenye dashibodi. Maili zako zikilingana na dizeli uliyotumia, unaenda nyumbani. Zisipolingana, umeiba. Katikati ya hayo mawili hapakuwa na kitu kingine, na nisiwafiche, wako madereva walioiba kweli. Walikuwa wanawauzia wenye vinu vya posho, vile vya kusaga mahindi. Wafula mwenyewe alikuwa anawakemea.

Mimi nilikuwa nabeba mahindi ya mashamba ya wazungu upande wa Kitale na Tongaren, barabara ya kupanda na kushuka kidogo kidogo. Wafula alikuwa anapanda Cheptais kuchukua kahawa ya wakulima na kuishusha Bungoma kupitia Sirisia. Malori yetu yalikuwa ndugu, yametoka meli moja, injini moja ya dizeli, difu moja ya mlima. Mpaka yale matairi yakaja.

Vita ilikuwa imekwisha zamani kidogo lakini vitu vya jeshi vilikuwa bado vinauzwa kwa mnada, na matairi ya saizi yetu yalikuwa adimu. Bwana Kipimo akaenda mnadani akarudi na matairi marefu ya jeshi, yenye meno ya kukanyaga tope. Hayakutosha malori yote, kwa hiyo akasema lori la mlimani lipate kwanza. Nataka mjue jinsi tulivyofurahi. Tulilizunguka lile lori kama watu waliokuja kuona ng'ombe wa mahari. Wafula alipolipitisha Sirisia mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele sokoni, na yeye, mtu mtaratibu yule, akapiga honi bila sababu. Aliniambia, "Barasa, sasa nikikaa ndani naona mpaka Uganda." Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kusoma namba ubavuni mwa tairi. Kwetu tairi refu lilikuwa heshima, na nani anayeikagua heshima?

Juma halikwisha kabla kijiti hakijaanza kumsema vibaya. Lori la Wafula lilikuwa linakunywa dizeli kuliko zamani, na saa ya maili ilikuwa inaonyesha safari fupi kuliko zamani. Bwana Kipimo akamwita. Wafula akasema lori limekuwa zito mlimani, linataka gia ya chini mapema, linatoa moshi mweusi. Nawaambia ninyi mnaopenda moshi mweusi mkidhani ni nguvu: ule ni dizeli iliyoshindwa kuungua, inapanda mbinguni bila kufanya kazi. Lori lake lilikuwa na difu ya mlima mwanzoni, lakini yale matairi yalikuwa yameila ile nguvu. Wafula alikuwa anasema ukweli mtupu, na ukweli wake ulikuwa unasikika kama visingizio.

Bwana Kipimo akanielekezea kidole mimi. "Lori ya Barasa sawa na yako. Mbona yeye hapana maliza dizeli?" Nilijaribu kusema barabara zetu ni tofauti. Akaniambia nifunge mdomo kama sitaki kuulizwa mimi pia. Ndivyo nilivyogeuzwa shahidi dhidi ya mwalimu wangu bila kuapishwa, kwa sababu tu mimi nilibaki na matairi yangu mazee.

Maneno hayakai yadini. Yalifika Sirisia kabla ya lori. Mbaya zaidi shemeji yake Wafula alikuwa na kinu cha posho kinachotumia dizeli, kwa hiyo watu wakaunganisha wenyewe. Wakifika kusaga wanaangaliana. "Leo kinu inalia vizuri, ati dizeli ya Cheptais iko safi." Jumapili moja Wafula alisimama kama kawaida yake kwenda kuchukua kapu la sadaka, akakuta mzee mwingine ameshalishika. Alisimama katikati ya kanisa, mikono ile minene ikining'inia, kisha akarudi kukaa. Mkewe alinisimulia hilo baadaye.

Halafu Bwana Kipimo akasema mbele ya madereva wote kwamba dizeli ya Wafula ikipungua tena, atamkabidhi kwa polisi. Lakini safari iliyofuata, dizeli ililingana. Na iliyofuata. Bwana Kipimo akakiinua kijiti juu akatuonyesha sote, akicheka. "Naona? Mimi nasema polisi, yeye naacha kuiba!"

Fikirini hapo, vijana. Alipokuwa mwaminifu dizeli ilipungua, akaitwa mwizi. Alipofanya maajabu ikalingana, na hayo maajabu yakawa ushahidi kwamba alikuwa mwizi kweli. Alifungiwa milango yote miwili, na mwenye ufunguo alikuwa anacheka.

Maajabu gani? Niliyajua kwa bahati. Lori langu lilikuwa gereji, nikaenda Sirisia kumtafutia mama mkwe kuku. Nilikuwa kando ya barabara nikibishana bei, kuku mkononi, ndipo lori la Wafula likapita likitoka mlimani na mzigo wa kahawa. Lilipita kimya. Nilisikia bodi ikilalamika na upepo kwenye turubai, lakini injini haikusikika kabisa. Hakuwa ametoa gia tu, alikuwa ameizima. Kuku alinitoka mkononi.

Nilimngoja mpaka arudi, nikamwambia, "Mzee Wafula, leo nimekusikia. Ama niseme sikukusikia." Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni nje ya nyumba yake. Hakunitazama.

"Barasa, wewe nyamaza."

"Si ulinishusha Kimilili kwa sababu ya hiyo hiyo?"

"Nilikushusha kwa sababu ulikuwa unafanya kwa uvivu. Mimi nafanya juu ya jina yangu." Akajifuta mikono kwa muda mrefu, kidole kwa kidole. "Huyo bwana hanisikii mimi. Anasikia ile kijiti. Kanisa pia inasikia ile kijiti. Sasa nifanye nini? Nikiendesha vizuri mimi ni mwizi. Wacha kijiti iseme maneno nzuri mpaka wasahau, halafu nitarudi kwa gia."

"Breki je? Injini ikizimwa breki haina nguvu."

"Barabara naijua."

Kweli aliijua. Aliijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye ndani ya lori. Lakini mvua ilikuwa imenyesha Cheptais, na kwenye kona ya chini, pale barabara inapojikunja kabla ya kuvuka mto, tope ni tope kwa anayejua na asiyejua. Ilikuwa mchana, watu wakiwa mashambani. Walisema lori lilikuja bila sauti yoyote, hata wa barabarani hawakugeuka, wakasikia tu mbao zikipasuka. Breki za lori lile zilikuwa zinasaidiwa na injini, na injini ilikuwa imelala. Alipokanyaga ilikuwa kama kukanyaga jiwe.

Tulifika mimi, fundi wa yadi na Bwana Kipimo. Wafula alikuwa ameshatolewa na kulazwa kwenye majani, amefunikwa kwa gunia. Kahawa ilikuwa imemwagika mpaka mtoni. Bwana Kipimo alimtazama kidogo, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha, na mimi nililiona hili kwa macho yangu mawili, akatoa kile kijiti, akaenda kwenye tangi la lori lililolala ubavu, akakitumbukiza. Akakitoa, akakitazama. "Leo dizeli iko," akasema. Fundi aliniwahi akanishika shati kwa nyuma, maana aliona mkono wangu unakwenda wapi. Mpaka leo sijui kama nimshukuru.

Kwetu, baada ya mazishi iko siku ya kunyoa nywele. Watu wanakaa, wenye neno juu ya marehemu wanasimama na kulisema, ili limalizike. Siku ya Wafula watu walizungumzia mvua, wakazungumzia mahindi, wakasifu uimbaji wake. Hakuna aliyegusa jambo ambalo lilikuwa limekaa katikati yetu kama mgeni. Mimi nikasimama nikasema, "Huyu mtu hakuiba dizeli." Kisha mjomba wake, mzee aliyempenda, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, kama hakuiba, dizeli ilienda wapi?"

Nilikaa. Nilikuwa na uhakika wa jeki moja, na jeki moja haikutosha.

Lori likatengenezwa Kitale, bodi mpya, matairi yaleyale, na kwa sababu mzungu hapotezi kitu, nikapewa mimi niliendeshe barabara ya mahindi. Barabara ya Kitale ilikuwa na mawe ya maili kando yake. Barabara ya Cheptais haikuwa na hata moja, na hapo ndipo ilipo siri yote. Nilikuwa nimezoea na lori langu la zamani kwamba jiwe likifika dirishani, namba ya saa ya maili inageuka. Sasa nikaona jiwe linapita na namba bado imelala. Jiwe lingine, bado. Kadiri nilivyokwenda, saa ilizidi kubaki nyuma ya mawe, kama mtu aliyechoka kwenye maandamano.

Nilisimamisha lori pale pale, nikatelemka, nikainama. Namba za ubavuni hazikuwa namba zetu. Saa ya maili haioni barabara, vijana. Inahesabu mizunguko tu. Tairi refu linazunguka mara chache, kwa hiyo saa inadhani umekwenda karibu, wakati umekwenda mbali. Wafula alikuwa anakwenda Cheptais yote nzima na kurudi, na dashibodi inasema ameishia njiani. Ongeza na mlima uliomlazimisha kutumia gia ya chini na kuchoma dizeli zaidi, ndipo mtajua ilienda wapi. Sehemu ilipanda na moshi. Sehemu nyingine haikuwa imepotea hata kidogo. Ni maili ndizo zilizoibwa. Nilikaa chini ya lile lori nikalia kwa sauti, na mwanamke mmoja wa kupita na kuni akaniuliza kama gari limenikanyaga.

Nilimpeleka Bwana Kipimo mpaka kwenye mawe. Alikwenda, lazima niseme. Alitazama saa, akatazama mawe, akamwita fundi, wakapima tairi jipya na tairi langu zee kwa kamba. Uso ukamwiva. Kesho yake akatangaza kwamba lori lile litapata dizeli zaidi, na saa yake itahesabiwa na nyongeza. Basi. Nikamngoja aseme lile lingine. Nikamfuata ofisini, nikamwomba aende Sirisia, au aandike maneno mawili tu, kwamba Wafula hakuiba.

"Wewe sasa pata dizeli mingi," akaniambia. "Wewe nataka nini tena?"

Nikaenda mwenyewe. Mkewe Wafula, Mama Nafula, alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, tairi, saa, mawe ya maili, nikichora kwenye vumbi kwa kidole. Alisikiliza bila kuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Barasa, mbona unaniambia mimi? Mimi nilikuwa naishi na yeye. Kama aliiba, hiyo pesa alikula wapi? Watoto yangu si wanaenda shule miguu chini? Mimi nilijua. Enda uambie wale walichukua kapu."

Nikaenda kwa wale waliochukua kapu. Mzee wa kanisa alinikaribisha chai, akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Hayo ya matairi sisi hatuyajui, ndugu. Lakini usiwe na wasiwasi. Wafula tulishamsamehe."

Walishamsamehe! Nimelibeba hilo neno miaka yote. Kutukanwa unaweza kujibu. Kusamehewa kwa jambo ambalo hukufanya, unajibuje, na uko chini ya udongo? Nilisema sokoni Sirisia, nikasema Chwele, nikasema kwenye kinu cha shemeji yake. Watu walicheka kidogo. Mwizi wanamwelewa, tairi linaloiba maili hawalielewi. Nikazeeka nikiwa mtu wa kutaniwa, "mzee wa matairi huyo anakuja."

Sasa turudi kwa yule kijana wa mwezi uliopita, pale Kitale. Nilimwendea nikamwambia, "Kijana, huyu dereva hajakuibia. Matairi yako ni marefu kuliko ya gari hili. Saa yako inakudanganya."

Akanitazama, akacheka vizuri tu, bila dharau. "Mzee, wachana na hiyo. Hawa watu mimi siwezi danganywa na wao. Mambo ya dizeli naijua tangu nyumbani. Babu yangu mwenyewe alikuwa mwizi wa dizeli, huko Bungoma, wakati ya wazungu. Si hata ndiyo ilimuua?"

Nikamuuliza babu yake anaitwaje na alikuwa mtu wa wapi, ingawa nilikuwa nimeshaiona ile mikono yake minene ikiwa imeshika kiuno.

"Wafula," akasema. "Wa Sirisia."

Dereva alikuwa ameshafika ng'ambo ya barabara, blanketi begani. Nilimshika yule kijana mkono, nikamvuta mpaka kwenye tairi lake la nyuma. Sikuanza kuhadithia, maneno nilikuwa nimeshayamaliza sokoni kwa watu waliocheka. Nikamwonyesha ubavuni, nikamwambia neno moja tu: inama.

Akaitazama suruali yake. "Mzee," akasema, "nitachafuka."

Ninyi basi, inameni.